Jibu: Mji wangu wa kubuni unaanguka vizuri, ila ufufuo wake hauaminiki

Habari ndugu. Umesema mji wako wa kichawi unachomwa usiku mmoja, kisha miaka mia baadaye unarudi vilevile, na wasomaji wanakataa.

Kwanza angalia mji ulikuwa unakula nini. Mimi wa kwangu niliuegemeza kwa Kilwa Kisiwani. Kilwa ilinawiri kwa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji. Mwaka 1505 Wareno wakaipora, wakajenga ngome, na kufikia 1512 walikuwa wameshaondoka. Majumba ya mawe yalibaki, ila biashara ya dhahabu ilikuwa imewaponyoka watu wa Kilwa. Hapo ndipo penye anguko lenyewe, si kwenye moto.

Ilipoinuka tena karne ya 18, ilikula kitu kingine: pembe za ndovu na, inauma kusema, watumwa. Mwaka 1776 sultani aliwekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumuuzia watu.

Basi upe mji wako bidhaa mpya, na mwandike anayeumia ili ipatikane. Mzee anayekumbuka mji wa zamani akatae kuushangilia huu mpya. Sura hiyo ningeiandika kabla ya zote. Uchawi uache hadi mwisho.