Ukipangiwa kuhudumia wafanyabiashara wadogo, lifuate gunia

Kila mwaka halmashauri, benki na taasisi za mikopo hapa Tanzania huajiri vijana wa kuhudumia wajasiriamali: maofisa biashara, maofisa maendeleo ya jamii, maofisa mikopo. Wengi mnakuja na vyeti vizuri na sentensi moja iliyozoeleka, kwamba biashara ndogo na za kati ni uti wa mgongo wa uchumi. Ni kweli. Ila sentensi hiyo haimsaidii mtu aliyekaa mbele ya meza yako na daftari mkononi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sehemu kubwa Kanda ya Kati, na ningependa anayeanza aanze na hili: ukitaka kujua biashara fulani inabeba nini katika uchumi, fuata mzigo na pesa. Vinatoka kwa nani, vinakwenda kwa nani, na vinakaa siku ngapi katikati.

Ukubwa wa biashara nautaja haraka kwa sababu fomu zitakuuliza. Kwa sera ya mwaka 2003, biashara yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi milioni 200 ni ndogo. Yenye watu 50 hadi 99 na mtaji usiozidi milioni 800 ni ya kati. Milioni 5 ya mwaka 2003 na ya leo hazinunui vitu vilevile, lakini mgawanyo huo umetumika kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulihesabu zaidi ya biashara milioni 3, na karibu zote zilikuwa kwenye kundi la kwanza: mama lishe, genge, kinyozi, fundi cherehani. Waliovuka kwenda juu ni wachache mno, na hapo ndipo penye kazi yenu kubwa.

Sisemi mlipuuze kundi la kwanza. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka kulalamikia utaratibu wa kodi, na Waziri Mkuu akalazimika kukaa nao Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Fremu moja ya Kariakoo ni ndogo, unaweza kuipita bila kuiona. Lakini mwenye duka wa Mbeya ananunua pale, wa Mwanza ananunua pale, na wanaotoka Zambia na Kongo wanafungasha mizigo pale. Fremu hizo zikifungwa siku mbili, mikoani watu wanaanza kupigiana simu.

Sasa twende Singida. Nchi yetu bado inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na Singida na Dodoma ndiko alizeti inakolimwa kwa wingi. Ukipita barabara kuu utaona madumu ya mafuta yamepangwa kando ya lami, na nyuma ya madumu hayo kuna mashine za kukamua. Chukua mashine moja tu. Ndani utakuta watu sita au saba, wamelowa mafuta hadi kwenye viwiko. Kwenye fomu yako utaandika ajira saba, na hapo utakuwa umeacha nje sehemu kubwa ya biashara yenyewe.

Kuna wakulima wanaoleta alizeti, huyu magunia mawili, yule hamsini. Kuna wenye mikokoteni ya punda na maguta, na dalali wa kijijini anayekusanya kidogokidogo. Kuna fundi wa kuchomelea, maana skrubu ya mashine inalika na lazima ijazwe chuma mara kwa mara. Kuna anayeuza madumu matupu, kuna wafugaji wa kuku na ng'ombe wanaosubiri mashudu, na kuna akina mama wa barabarani wanaochukua mafuta kwa mali kauli na kulipa wakishauza. Halmashauri nayo inachukua ushuru wake. Mashine hiyo ikisimama, umeme ukikatika wiki nzima kwa mfano, wote hao wanaguswa, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye orodha ya wafanyakazi wake.

Gunia la kilo 65 hutoa kama lita 15 hadi 20, kutegemea mbegu na uzima wa mashine. Yanayobaki ni mashudu, na usiyachukulie kama takataka. Nimeona mashine ambazo mashudu ndiyo yanalipa umeme na vibarua, na faida yenyewe inatoka kwenye mafuta. Asiyejua bei ya mashudu hawezi kumshauri mkamuaji.

Shida kubwa ya biashara hii ni majira. Mavuno yanakuja kwa pamoja, kati ya Mei na Julai, na bei wakati huo iko chini. Mwenye fedha ya kununua akajaza ghala anakamua mpaka mwisho wa mwaka na zaidi. Asiye nayo anakamulia watu kwa ujira, na kabla mvua hazijaanza mashine imeshanyamaza. Kijana mgeni akifika Novemba anakuta mashine imefunikwa turubai, anaandika ripoti kwamba mwenyewe anahitaji mashine ya kisasa au mafunzo ya ujasiriamali. Swali la kumuuliza ni rahisi zaidi: "Mzee, Juni ulikuwa na shilingi ngapi mkononi?"

Piga naye hesabu, tena kwa kalamu. Tuchukulie anakamua magunia 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hayo ni magunia 500. Tuchukulie gunia ni shilingi 60,000. Kazi ya mwezi mmoja inataka milioni 30, na ya miezi minne inataka milioni 120, zote zipatikane ndani ya wiki chache za mavuno. Sasa mpe mkopo wa milioni 24 mwezi Juni, marejesho ya miezi 12 yanayolingana, kuanzia mwezi unaofuata. Riba iache kando kwanza. Julai anadaiwa milioni 2, na fedha zote ziko ndani ya magunia ghalani. Itabidi auze mafuta palepale ambapo kila mkamuaji anauza, kwa bei ya chini. Oktoba bei inapoanza kupanda, ghala limeshakauka na deni bado lina miezi minane. Mkopo umetolewa kwa nia njema, mteja ni mwaminifu, na biashara imerudi nyuma kwa sababu ya ratiba tu. Kama kuna kitu kimoja cha kupigania kwenye kamati ya mikopo, pigania ratiba inayofuata msimu wa mteja. Na kama taasisi yako inaweza, angalia mzigo wenyewe kuwa dhamana. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, yaani hati ya mzigo uliohifadhiwa ghalani ambayo mtu anaweza kukopea, ipo tangu 2005, na wakulima wa korosho kusini wameizoea kuliko sisi.

Ratiba ikimbana, mtu hakai kimya. Anakwenda kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne, hadi SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na vikundi vya kijamii kama VIKOBA, na mteja wako anaweza kuwa na deni kwenye matatu kwa wakati mmoja, mbali na mkopo wa kwenye simu. Ukimuuliza kwa ukali kama ana madeni mengine, atakujibu hana. Ukimwambia, "Mama, wiki mauzo yakigoma, huwa unamkimbilia nani?", atakueleza. Msikilize bila kukunja uso. Hiyo ndiyo ramani halisi ya fedha zake.

Omba pia kuona daftari. Namkumbuka mama mmoja mwenye mashine ambaye upande wa kushoto wa ukurasa aliandika magunia yaliyoingia, wa kulia madumu yaliyotoka. Kurasa za mwisho zilikuwa na majina ya waliochukua mali kauli, na alama ya vema kwa aliyemaliza. Katikati ya matumizi kulikuwa na neno "ada" mara kadhaa. Mchanganuo wa biashara aliotengenezewa na kijana wa steshenari ulikuwa na kurasa nyingi na grafu za rangi, lakini nilichohitaji kilikuwa kwenye daftari. Nilimshauri ile "ada" aiandike kuwa mshahara wake, kiasi kilekile kila mwezi, badala ya kuichomoa kila shule inapofungua. Kumkataza mtu asitumie pesa ya biashara nyumbani ni kupoteza muda. Nyumba ndiyo sababu ya biashara.

Kwa nini wengi hawavuki kwenda kundi la kati? Mtaji ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba ukikua kidogo, kila kitu kinakuja kwa mkupuo: mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, michango ya wafanyakazi kwenye mfuko wa NSSF, ukaguzi, alama ya ubora ya TBS, na mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango hicho kilikuwa milioni 100 hadi kilipopandishwa mwaka 2023, na niliwaona watu wakipumua. Msaidie mteja apande ngazi moja baada ya nyingine. Kwa bidhaa za chakula, mpeleke SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu hawahawa. Barua yao ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo kupata alama ya TBS bila gharama kwa miaka ya mwanzo. Wengi hawajui hili, wanakata tamaa kabla ya kuuliza.

Na msome hotuba ya bajeti kila Juni, hata kama kazi yenu iko kijijini. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka, na wakulima pamoja na wakamuaji walilalamikia mafuta ya nje yaliyoingia kwa unafuu wa ushuru. Mkulima akiuza kwa hasara msimu huu, msimu ujao analima kitu kingine, na mashine inakosa mbegu.

Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Haina riba, ni msaada wa kweli. Angalia tu kama kikundi kinachoomba kilikuwepo kabla ya tangazo la mkopo.

La mwisho ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa makundi maalumu, kama vijana na wanawake, na maombi yanapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kwa hiyo mtaombwa sana kuwasaidia watu kujisajili. Saidieni. Lakini nimemwona msambazaji wa vyakula aliyepeleka mzigo wote kwenye taasisi moja, akalipwa baada ya miezi mingi, wakati huo pikipiki ya kusambazia alikuwa ameshaiuza ili awalipe waliomkopesha mchele. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma maombi, kaeni na mteja mtafute aliyewahi kuiuzia taasisi hiyo, mmuulize alilipwa baada ya siku ngapi. Wakisema tisini, pigeni hesabu ya siku tisini: kodi ya fremu, mshahara wa kijana wa dukani, marejesho. Kama hakuna mahali pesa hiyo itakapotoka, aombe sehemu ndogo ya zabuni, ile ambayo ikichelewa kulipwa duka litaendelea kufunguliwa asubuhi.