Jim Reeves alikufa 1964, hizi nyimbo za baadaye zimetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Naomba utuamulie, mimi na mume wangu tunabishana kuhusu Jim Reeves, yule wa kantri na nyimbo za dini. Yeye anasema alikufa na ndege 1964. Sasa mbona kuna nyimbo zake zimetoka miaka mingi baadaye, na nyingine anaimba na Patsy Cline, yule mwanamama wa kantri? Au kuna mtu anamuigiza?

JIBU: Marahaba dada. Mzee kasema kweli, na wewe hujakosea, na hakuna mtu anayemuigiza, sauti ni yake mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 31 Julai 1964, anatoka Batesville, Arkansas, anarudi Nashville, kindege cha injini moja anakirusha mwenyewe, ndani yupo na mpiga piano wake Dean Manuel. Wamebakiza kidogo tu kufika wakaingia kwenye mvua ya radi. Ukiwa ndani ya wingu zito huoni ardhi, mwili unakuambia uko sawa kumbe ndege imelala upande na inashuka, na inaaminika ndivyo ilivyomkuta. Watu wakatafuta msituni, wanamuziki wenzake wakiwemo, mpaka Jumapili ndiyo wakawapata. Alikuwa amebakiza siku 20 tu atimize miaka 41, inauma sana.

Sasa hizo nyimbo. Mwanzoni huyu bwana alikuwa anaimba kwa kupaza, sikiliza Mexican Joe ya 1953 utashangaa. Ilipofika 1957 anarekodi Four Walls akasogeza midomo mpaka karibu iguse maikrofoni, akashusha sauti chini kabisa kama anakusemesha wewe peke yako, na hapo ndipo akapatikana Jim Reeves tunayemjua. Mimi naona ndiyo maana hata alipokufa kanda zake hazikufa, maana sauti iko karibu, iko safi, unaweza kuiwekea muziki mwingine nyuma na bado ikasimama. Mjane wake Mary alizitunza hizo kanda akawa anazitoa kidogo kidogo. Wimbo wa Distant Drums ulikuwa demo tu, yaani rekodi ya majaribio, wakaiongezea okestra, 1966 ikakaa namba moja Uingereza wiki 5, mwenyewe ana miaka miwili kaburini.

Na hiyo ya Patsy Cline hawakuwahi kuirekodi pamoja. Patsy naye alikufa na ndege, Machi 1963, naye akirudi Nashville. Kila mmoja aliuimba wimbo huo kivyake, halafu 1981 mafundi wakachukua sauti zote mbili wakaziunganisha, ukisikiliza wanavyopokezana huwezi kuamini.

Ukitaka za dini alizoimba akiwa hai, bila kuongezewa kitu baadaye, tafuta albamu ya We Thank Thee ya 1962, msikilize na mzee.