Picha ya Père Corot

SWALI: Jambo sana, Mzee. Marehemu baba alituachia picha yenye fremu nene ya mbao ya muvula, ya kuchongwa: mtu wa kanzu nyeupe, amekaa, anasoma kitabu. Nyuma pameandikwa kwa kalamu: "Père Corot, Moine blanc." Baba mdogo anashikilia kwamba huyo ni Père Blanc, padiri wa misioni, aliyembatiza babu. Na kuna bwana wa Birere anatoa dola hamsini, eti ni rangi ya mafuta, ya asili kabisa. Tuuze?
Mama wa Katindo, Goma

JIBU: Jambo, Mama. Baba mdogo ameteleza kwenye neno moja tu. Corot ndiye aliyechora, siye aliyechorwa. Camille Corot, mzaliwa wa Paris mwaka 1796, hakuwa padiri hata siku moja. Walimwita "père", yaani baba, uzeeni mwake, kama mimi mnavyoniita Mzee nami sijawahi kuwa chifu. Picha hiyo aliichora miaka ya 1850. Askofu mkuu Lavigerie alianzisha Pères Blancs kule Alger, Algeria, mwaka 1868. Ubatizo wa babu utafuteni kwa mwingine.

Moine, yaani mtawa, si padiri wa misioni. Hukaa monasteri, anasali, anafanya kazi za mikono, kama wale wa Mokoto waliokimbilia Keshero. Tena huenda wa Corot hakuwa hata moine! Mzee huyo alijulikana kwa kuchora miti na maji; picha za watu alizifanya zaidi kwa raha yake, akiwavalisha watu wa kulipwa nguo alizotaka. Mwaka 1874, mmoja kabla hajafa, alimchora moine mwingine anapiga selo, ile fidla kubwa. Huyo ndiye nampenda mimi.

Ya asili iko jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Yako nadhani ni chapa, lakini usiniamini hivihivi. Ng'oa misumari ya nyuma taratibu, ipeleke mlangoni asubuhi, uiinamishe. Rangi ya mafuta huacha matuta ya brashi, na nyuma utakuta kitambaa au ubao. Kama ni karatasi, azima lenzi ya fundi saa: utaona vitone vya rangi vimejipanga kama dagaa kwenye kitunga. Maji na sabuni usiguse.

Ila dola hamsini kwa karatasi? Nimetengeneza fremu miaka ishirini na miwili, Mama. Mwambie huyo bwana achukue moine, muvula ibaki ukutani, umtazame uso.