Tunapiga picha tukigawa futari: je, ni riya?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Sisi ni vijana wa mtaa mmoja hapa Tanga. Kila Ramadhani tunachanga na kugawa futari: unga, sukari, tende, tambi, mafuta. Baadhi ya wanaotuchangia wako Muscat na hutaka kuona picha, nasi huzirusha Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwaka huu mama mmoja mjane alipokabidhiwa kiroba alijifunika uso kwa khanga, mwenzetu akamwambia, "Mama, tazama huku kidogo." Picha ikarushwa. Tangu siku hiyo akituona anabadilisha njia. Je, hii ni riya? Tuache kabisa kurusha?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Umeuliza mawili, lakini naona lililokuuma ni la tatu, la yule mama. Nitalifikia.

Riya, yaani kufanya jema ili watu wakuone, ni maradhi ya moyo, na moyo wako mimi siuoni. Katika Hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Imamu Muslim, miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mtu aliyetoa mali ili aitwe mkarimu. Ataambiwa: umekwisha kuitwa. Kisha ataburutwa motoni. Basi jipime: siku simu ikizima chaji, mnaendelea kugawa au mnasubiri umeme urudi? Ila anayeziona picha hizo naye asikimbilie kusema "hao wanajionyesha". Abu Mas'ud amesimulia kwamba masahaba walipoamrishwa sadaka, mmoja alileta mali nyingi, wanafiki wakasema ni riya. Mwingine akaleta pishi moja, wakasema Mwenyezi Mungu hana haja na pishi ya huyu. Ikateremka aya ya 79 ya Suratut Tawba, kuwalaumu hao wanaowabeza watoao sadaka.

Kuonyesha sadaka kwenyewe si haramu. Aya ya 271 ya Suratul Baqara inasema mkizidhihirisha ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora kwenu. Jarir bin Abdillahi amesimulia kuwa walikuja Madina watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, dhiki imewaenea, na uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika kwa kuwaona. Akaswalisha, akahutubia. Ansari mmoja, yaani mwenyeji wa Madina, akaja na furushi ambalo mkono wake ulikaribia kulishindwa, watu wakafuatana mpaka yakapatikana marundo mawili ya chakula na nguo. Hapo ndipo Mtume aliposema kuwa mwenye kuanzisha jambo jema ana ujira wake na ujira wa wanaomfuata. Furushi lilionekana na marundo yalionekana, lakini jina la yule Ansari Hadithi haikulitaja. Na wale wageni walikuja wenyewe na shida yao mbele za watu. Mama wa mtaani kwenu alikuwa ameisitiri yake.

Aya imeruhusu kudhihirisha sadaka. Maskini hakuingia humo. Soma aya mbili mbele, ya 273: inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Khanga ile usoni ilikuwa ndiyo hiyo sitara, nanyi mkamwambia aiteremshe. Aya ya 264 imekataza kuziharibu sadaka kwa masimbulizi, yaani kumsimanga uliyempa, na maudhi, na sijui maudhi makubwa kuliko mtoto wake kuonyeshwa shuleni picha ya mamake akipokea kiroba.

Mtasema wengine hukubali kupigwa. Ndugu yangu, mtu mwenye njaa ukimuuliza "tupige picha?" na kiroba bado kiko mkononi mwako, unatarajia ajibu nini?

Hao wa Muscat wana haki ya hesabu, msiwanyime. Wapelekeeni picha ya magunia yakishushwa, risiti ya duka, idadi ya kaya zilizopata. Orodha ya majina ikae kwa imamu wa msikiti wenu. Anayesisitiza nyuso, mpeni namba yangu.

Picha zilizokwisha kurushwa zifuteni, na waambieni wenye magrupu nao wafute. Kwa yule mama nenda baada ya Magharibi, ufuatane na mama yako mzazi na huyo mwenzenu aliyeshika simu, mkaombe radhi. Nendeni mikono mitupu. Siku hiyo msibebe hata kilo ya sukari, asije akaona mnaununua msamaha wake. Simu ziacheni nyumbani.

Wallahu aalam.