Sila ya nchi za baridi kali kwenye zege la nakshi: je, inafaa Kigoma?

Ndugu uliyeuliza kutoka Ujiji, umeeleza kwamba dada yako anayeishi Winnipeg, Canada, amekutumia ndoo ya sila ya zege, yaani dawa inayopakwa kulikinga zege na maji, iliyoandikwa kuwa inahimili baridi kali, nawe unataka kujua kama itafaa kwenye ua wako wa zege la rangi lenye chapa za mawe. Mimi ni fundi wa sakafu na nyua za aina hiyo hapa Kigoma mjini, na jibu langu ni kwamba inaweza kukufaa sana, lakini kitakachoamua ni aina ya dawa iliyomo ndani ya ndoo, wala si baridi iliyotajwa juu yake.

Kwanza elewa kinachompata dada yako. Zege lina vinyweleo vinavyonywa maji, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, hivyo yakikosa nafasi husukuma kuta za vinyweleo hivyo mpaka uso wa zege ukabanduka magamba. Hali hiyo hujirudia kila barafu inapoyeyuka na kuganda tena, na chumvi inayomwagwa ili kuiyeyusha huzidisha madhara. Kwa sababu hiyo mafundi wa huko hawaitegemei sila peke yake: huchanganya ndani ya zege dawa inayoacha viputo vidogo sana vya hewa, kwa kawaida asilimia 5 hadi 7 ya ujazo wake, ili maji yanayoganda yapate pa kutanukia, na huhakikisha kwamba maji ya kuchanganyia hayazidi 0.45 ya uzito wa saruji. Zege la nakshi linaumia kuliko la kawaida, kwa kuwa rangi na chapa vyote viko juu; uso ukibanduka milimita chache tu, urembo wote uliolipiwa umeondoka.

Sila zinazotumika sana ni za namna mbili. Akriliki hukaa juu ya zege kama ngozi nyembamba, huipa rangi mng'aro na kina, lakini huchakaa na kuhitaji kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, tena huteleza inapolowa. Sileni na siloksani huzama ndani, hushikamana na zege lenyewe na kulifanya liyakatae maji, huku zikiuacha mvuke wa chini utoke. Hazing'arishi, ila hudumu miaka mingi zaidi. Kwa majira ya baridi kali, hizi za kuzama ndizo ninazoziamini, maana unyevu ulionaswa chini ya ngozi ya akriliki ndio utakaoganda. Mwambie dada yako apake wakati wa kiangazi cha kwao, joto likiwa juu ya nyuzi 10, na njia ikishika barafu atumie mchanga badala ya chumvi.

Kwetu adui si barafu. Ni mvua zinazoanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, jua linalofifisha rangi, vumbi jekundu, na unyevu unaopanda kutoka ardhini, hasa kwenye viwanja vilivyo karibu na ziwa. Nimeona nyua nyingi zilizopakwa akriliki zikigeuka nyeupe kwa mabaka baada ya masika, kwa sababu zege lilizibwa likiwa bado na maji. Kwa hiyo, kama ndoo yako ni ya sileni au siloksani, itumie bila wasiwasi, isipokuwa mahali mnapochuja au kupikia mawese: dawa hizo hukataa maji lakini mafuta hupenya, na doa la mawese kwenye zege la rangi ni gumu mno kutoka. Hapo ni heri akriliki, iliyochanganywa unga wa kuzuia utelezi.

Kabla ya kupaka, zege liwe limetimiza siku 28, liwe limeoshwa likatakata na kukauka kabisa. Ndiyo maana mimi hupenda kazi hii ifanyike kati ya Juni na Agosti. Jioni bandika kipande cha nailoni juu ya zege, uzibe kingo zake zote kwa gundi ya utepe, na asubuhi ukikuta matone chini yake, ahirisha. Mwagia pia maji kidogo: yakikaa juu kama shanga, kuna sila ya zamani, na sileni haitazama mpaka hiyo iondolewe. Akriliki ipakwe kwa rola katika matabaka mawili membamba, saa ambazo sakafu haijachemka, la sivyo itatoa mapovu.

Jambo la mwisho linahusu safari ya ndoo yenyewe. Sila nyingi zenye asili ya maji huharibika zikiganda, na mzigo uliosafirishwa kutoka Winnipeg mwezi Januari unaweza kuwa uliganda stoo. Fungua, koroga taratibu. Ukiona mabonge au uji uliojitenga na maji, usiipake. Ikiwa laini, jaribu kwenye kona moja isiyoonekana, uiache siku kadhaa, kisha utuletee picha hapa kabla hujapaka ua mzima.