Digrii ukiwa kazini Uingereza

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza A-level huko Leicester asome uhandisi wa programu chuoni au achukue ile digrii ya ukiwa kazini (degree apprenticeship, yaani unaajiriwa huku unasomea digrii). Aombe zote, ila ya kazini aiwahi, maana nafasi zinagombaniwa kweli. Ada halipi hata senti, wanabeba mwajiri na serikali, na mshahara anapokea. Wenzake wa chuo wanakopa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka.

Ila asidhani ni mteremko. Kwa kawaida ni siku nne ofisini na moja ya masomo, halafu Jumamosi inaliwa na kazi za chuo. Mimi nilipopita njia hiyo nilianzia vitu vidogo kama kurekebisha kitufe cha kulipia kilichokuwa kinakubali kubonyezwa mara mbili, mteja akakatwa hela mara mbili. Code yangu, yaani maagizo ya programu niliyoandika, ilirudishwa na swali moja tu: "Jaribio liko wapi?" Yaani, iko wapi code ya kuthibitisha kwamba kitufe kimepona? Hapo nilijifunza kuliko darasani.

Kwanza lakini uliza viza yake. Ya mwanafunzi haikubaliki, na kwa kawaida wanataka awe ameishi huko miaka 3.