Betri ikisoma 15, usianze mlima

Fundi, salaam. Mimi niko steji ya Kongowea, na pikipiki yangu ya petroli, ya 125, imechoka. Wauzaji wa za umeme wananiambia betri moja yaenda kilomita 90, na mbio zake ni 90 kwa saa. Je, itanibeba kweli, na abiria na mzigo? Na mvua?
– Mwendesha boda, Mombasa

Salaam ndugu yangu. Hizo 90 mbili huzipati safari moja. Mwendo ukizidisha mara mbili, upepo unaokuzuia unazidi mara nne, na betri ndiyo inayolipa. Yangu ni ya kilowati-saa 3 na kidogo, mwaka wa pili huu. Nikienda mwendo wa 40 hadi 45 kwa saa, abiria mmoja nyuma, napata kilomita 70. Kusi ikivuma daraja la Nyali, hata hizo hazifiki. Wewe weka hesabu yako kwenye 60.

Kwa kuondoka, petroli haioni ndani. Mota inavuta kwa nguvu zake zote tangu gurudumu lianze kuzunguka, hakuna klachi wala gia. Kwa hiyo wiki za mwanzo usiifinye kwa pupa penye mchanga au lami yenye maji. Tairi la nyuma litakutoroka.

Mlima nao una mambo yake. Jioni moja nilimpakia mama na gunia la viazi, Makupa kwenda Changamwe. Kioo kinasoma betri asilimia 15. Tulipoanza kupanda, kontrola, kile kifaa kinachoongoza mota, ikapunguza nguvu ili kulinda betri, tukawa twatambaa kama mkokoteni, malori nyuma yanapiga honi. Mama akashuka, akapanda kwa miguu. Nauli sikuidai. Siku hizi nikiona 30 naenda kubadilisha betri.

Basi kabla ya kuuza hiyo yako, ulizia kituo cha kubadilishia: kiko wapi, kinafungwa saa ngapi, na stima ikipotea wanabaki na betri ngapi zilizojaa. Aliyeniuzia yangu aliniahidi kituo Bamburi "mwezi ujao." Huu ni mwaka wa pili naungoja mwezi huo.

Mvua haina neno. Kinachoua ni mpira wa kuoshea magari ukielekezwa kwenye soketi za betri. Na sisi wa pwani tuna chumvi: kila Ijumaa natoa betri, napangusa pini kwa kitambaa kikavu, maana zikianza kuota ukijani chaji inaingia kwa kusuasua. Ukichajia nyumbani, iache ipoe kwanza. Ikiwa moto, betri zingine hukataa chaji kabisa, ukadhani imekufa.

Halafu hapo Kongowea, wabeba mizigo hawatakusikia ukija, maana ya umeme haingurumi. Mimi nimefunga kengele ya baiskeli. Steji nzima ilinicheka, sasa wawili wamefunga zao.